Miaka Tisa Darasani, Bado Mkataba

Mhadhiri wa chuo cha tiba cha serikali anapokwenda kwa wakili na malalamiko ya ajira, hutanguliza miaka. Amefundisha miaka tisa. Amezunguka wodini na wanafunzi asubuhi zote hizo. Idara ilipobaki na walimu wawili, mmoja alikuwa yeye. Wakili anayeijua kazi yake atamsikiliza hadi mwisho, kisha atauliza mambo yasiyo na huruma ndani yake: uliingia kazini kwa utaratibu gani, nafasi yako ipo kwenye ikama, nani anakulipa, na barua unayoilalamikia uliipokea tarehe ngapi. Mashauri mengi ya namna hii huamuliwa na majibu hayo. Miaka huja nyuma yake.

Nawaandikia waliomo ndani ya hali hiyo Tanzania: wahadhiri wa mkataba wanaosubiri kuingizwa kwenye masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni, wale ambao cheo kimekwama, na madaktari bingwa wanaofundisha bila kuwa na hakika kama wao ni watu wa chuo au wa hospitali. Lakini nitaanzia India. Hakuna nchi ninayoijua iliyopelekana mahakamani kwa jambo hili kuliko India, na sheria yake imetoka shina moja na yetu, la Kiingereza.

Kule, chuo huruhusiwa kupokea wanafunzi wa udaktari kulingana na walimu wanaokutwa na wakaguzi. Baraza la Tiba la India lilifanya ukaguzi huo kwa miongo mingi, na tangu 2020 kazi hiyo iko kwa Tume ya Taifa ya Tiba. Tume za utumishi za majimbo huchelewa kutangaza nafasi na kufanya usaili, na mkaguzi hangoji. Serikali za majimbo zikaona njia ya mkato: ajiri walimu wa muda, miezi sita au mwaka, waongezee, waongezee tena. Baada ya miaka minane au kumi mwalimu huyo anaomba mahakama imthibitishe.

Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya India iliamua shauri la mhadhiri wa meno wa chuo cha tiba cha serikali kilichoko Aurangabad, jimbo la Maharashtra. Alikuwa amefundisha takriban miaka tisa kwa uteuzi wa muda, na sifa za kitaaluma alikuwa nazo. Alishindwa. Hakuwahi kuchaguliwa na Tume ya Utumishi ya jimbo, na mahakama ikasema kwamba huruma haiwezi kukaa mahali pa utaratibu huo. Tarehe 10 Aprili 2006 jopo la majaji watano likaenda mbali zaidi, katika kesi iliyotoka Karnataka ambayo kila mwanasheria wa kazi kule anaiita Umadevi. Jopo lilitenganisha uteuzi haramu, yaani mtu aliyeingizwa bila nafasi, bila sifa au bila ushindani wowote, na uteuzi wenye kasoro, ambapo nafasi ipo na sifa zipo lakini hatua fulani ilirukwa. Wa kwanza hawezi kuthibitishwa kamwe. Wa pili alipewa dirisha la mara moja tu: awe ametumikia miaka kumi au zaidi kwenye nafasi iliyoidhinishwa, bila kubakizwa kazini na amri ya mahakama.

Serikali zilipenda sana hukumu hiyo, na zikaanza kuitumia kumfukuzia kila mtu. Ndipo Desemba 2024 mahakama hiyohiyo, katika shauri la wafanyakazi wa usafi na bustani wa taasisi moja ya maji ya serikali kuu, ilipokemea tabia ya kujificha nyuma ya Umadevi huku watu wakifanyishwa kazi za kudumu kwa miaka mingi chini ya jina la vibarua. Wafanyakazi wale wakarudishwa na kuthibitishwa. Mwelekeo umelegea kidogo, ila hata katika hukumu hii swali la nafasi na la namna ya kuingia halikufutwa.

Tanzania haina kanuni ya miaka kumi. Wahadhiri wengi huamini ipo, na wengine huitaja kwa miaka mitano, na uvumi huo umewagharimu watu. Hakuna kifungu kinachosema mkataba wa muda ukirudiwa mara kadhaa unageuka ajira ya kudumu katika utumishi wa umma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu, na mhadhiri ni mtaalamu. Ukisubiri miaka ikufanyie kazi, haitafanya.

Kinachoweza kufanya kazi ni kuhama kutoka kwenye mkataba kwa njia iliyo wazi. Uliza, kwa maandishi, kama idara yako ina nafasi iliyo kwenye ikama ya mwaka huu wa fedha, na kama kibali cha ajira kimeombwa Utumishi. Nafasi ikitangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, omba. Najua inauma kusailiwa kwa kazi unayoifanya kila siku, pengine mbele ya mtu uliyemfundisha. Omba hivyohivyo. Aliyepita kwenye ushindani wa wazi hawezi kuambiwa baadaye kwamba aliingia kwa mlango wa nyuma. Aliyekataa kuomba kwa sababu alijiona tayari ni wa nyumbani amempa mwajiri hoja ya bure.

Sasa suala la nani mwajiri wako. Hili ni la vyuo vya tiba hasa, na ndilo linalochanganya mawakili wasioizoea sekta. Muhimbili ni mfano unaojulikana. Shule ya udaktari ilianza pale 1963, ikawa kitivo, mwaka 1991 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2007 ikawa chuo kikuu kinachojitegemea, MUHAS. Hospitali ya Taifa iko palepale, lakini ni taasisi nyingine, yenye bodi yake na bajeti yake. Mhadhiri wa chuo anatibu wagonjwa wa hospitali, na bingwa wa hospitali anafundisha wanafunzi wa chuo. Kwa mgonjwa na kwa mwanafunzi, wote ni madaktari wa Muhimbili. Mbele ya tume au mahakama ni watu wa waajiri wawili.

Hali kama hiyo iko kila mahali ambapo chuo na hospitali vinategemeana. Kama mshahara wako na cheki namba yako viko hospitali au wizarani, na chuo kimekupa barua ya uhadhiri wa heshima tu, basi miaka uliyofundisha ni uzoefu wa kufundisha. Haijawa utumishi wa chuo. Ukiomba nafasi chuoni, utautumia uzoefu huo kuonyesha sifa, na ni halali yako. Lakini hauwezi kukuweka mbele ya aliyeajiriwa na chuo kwenye tange, kwa sababu tange hupanga watumishi wa mwajiri mmoja kwa cheo na tarehe. Wahindi wamegombana sana juu ya tofauti hii ya uzoefu na ukongwe. Mwaka 1990 Mahakama yao ya Juu, katika shauri la wahandisi wa Maharashtra, iliamua kwamba aliyeteuliwa kwa kufuata kanuni huhesabiwa ukongwe tangu siku ya uteuzi, hata kama kuthibitishwa kulichelewa, na aliyewekwa kuziba pengo nje ya kanuni hahesabiwi kipindi hicho. Ukifikiria ni jambo la haki. Ucheleweshaji wa ofisi usimwadhibu aliyeingia sawasawa, wala ofisi isimbebe aliyeingizwa kienyeji akawapita wenzake.

Kwa hiyo soma barua yako ya kwanza. Isome leo, siyo siku ya mgogoro. Inasema mhadhiri, au mhadhiri wa muda, au wa heshima? Inataja muundo wa utumishi na ngazi ya mshahara, au inataja malipo kwa saa? Imesainiwa na nani, na kwa mamlaka ya kikao gani?

Tuje kwenye mkataba unaokwisha bila kuongezwa. Kwa kawaida mkataba wa muda hufa wenyewe siku yake ikifika, na mwajiri hadaiwi sababu. Isipokuwa pale ulipokuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Ajira kinahesabu kutokuongezewa katika hali hiyo kuwa ni kuachishwa kazi, na Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinamtaka mfanyakazi aonyeshe msingi wa matarajio yake, kama vile kuongezewa siku za nyuma au ahadi ya mwajiri. Neno "nilitarajia" peke yake halitoshi. Ratiba ya muhula ujao yenye jina lako inasaidia. Barua ya kukuteua msimamizi wa tasnifu ya mwanafunzi atakayemaliza baada ya mkataba wako kwisha inasaidia sana. Na kanuni hizohizo zina jambo wengi hawalijui: ukiendelea kufanya kazi baada ya tarehe ya mwisho, na mazingira yakionyesha hivyo, mkataba waweza kuhesabika umejiongeza wenyewe. Vyuoni hutokea mara nyingi, kwa kuwa mkataba unaisha katikati ya mitihani na mkuu wa idara anakuambia endelea tu, makaratasi yanakuja. Endelea, lakini mwandikie siku hiyohiyo barua pepe ya mistari miwili kwamba unaendelea kwa maelekezo yake.

Barua ya kutokuongezewa ikishafika, saa inaanza kukimbia, na hapa ndipo wasomi hupoteza haki zao kwa wingi kuliko vibarua wa bandarini. Mlalamikaji anayepinga kuachishwa kazi anatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine, kama malimbikizo ya mshahara, yana siku 60. Siku hizo ni za kalenda. Mhadhiri, kwa malezi yake, huandika kwanza kwa mkuu wa idara, kisha kwa mkuu wa shule, kisha kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, akingoja kila mmoja ajibu. Adabu nzuri, lakini mazungumzo na mwajiri hayasimamishi muda. Ukichelewa utalazimika kuomba uongezewe muda na kueleza kila siku iliyopotea; Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba hata siku moja ina maelezo yake. Zungumza nao ukiwa umeshajaza fomu.

Lakini je, CMA ndiyo pa kwenda? Mwaka 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma iliongezewa kifungu cha 32A, kinachomtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia zote za rufaa zilizomo katika sheria hiyo kabla ya kugusa sheria za kazi. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Shirika la Posta, ilithibitisha kwamba CMA haina mamlaka juu ya mtumishi wa umma ambaye hajapita njia hiyo. Watu waliokuwa wameshinda CMA, wakashinda na Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, walijikuta mikono mitupu, maana shauri lote lilikuwa limeanzia pasipo pake.

Mhadhiri wa kudumu, basi, aanze na rufaa ya ndani ya chuo, aende Tume ya Utumishi wa Umma, ambako siku ni 45 tangu kupokea uamuzi, na akishindwa huko aende kwa Rais. Baada ya hapo ndipo Mahakama Kuu inaweza kuombwa iupitie uamuzi, kwa kibali, na ndani ya miezi sita. Njia ni ndefu. Asiye na subira aijue mapema.

Mhadhiri wa mkataba yuko kwenye hali tofauti, na hapa kuna hazina iliyofichwa kwenye tafsiri ya maneno. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Utumishi wa Umma, kinapoeleza ofisi ya utumishi wa umma ni ipi, kinaziondoa ofisi ambazo malipo yake ni ya kwa saa, kwa siku au kwa mkataba wa muda. Kwa maneno mengine, uleule mkataba unaokunyima pensheni unaweza kukufungulia CMA. Usitegemee kwamba mwajiri atakubali. Mawakili wa serikali huleta pingamizi la awali karibu kila mara, wakisema wewe ni mtumishi wa umma. Jiandae: ambatanisha mkataba, nukuu kifungu cha 3 katika maelezo yako ya mwanzo, na usijiite popote "mtumishi wa umma" kwa mazoea. Nimeona mtu akijiandika hivyo katika aya ya kwanza ya hati yake, akampa mpinzani silaha.

CMA haina ada ya kufungua shauri, na kwenye mashauri ya kazi aliyeshindwa kwa kawaida halipishwi gharama za mwenzake isipokuwa ameleta shauri la usumbufu. Usuluhishi umepangiwa siku 30. Unaweza kuwakilishwa na wakili au na kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Wengi wa vyuo vikuu wako kwenye chama cha THTU. Jumuiya ya wanataaluma ya chuo ni kitu kingine. Inaweza kupiga kelele nzuri, lakini haijasajiliwa kukuwakilisha kama chama cha wafanyakazi.

Kupanda cheo ni mgogoro wa aina nyingine kabisa, na matarajio yapunguzwe mapema: hakuna mahakama itakayokufanya Mhadhiri Mwandamizi. Kupanda cheo si haki ya kudai kama mshahara. Haki yako ni kufikiriwa kwa vigezo vilivyotangazwa, na wenye mamlaka, kwa usawa na wenzako, na kuambiwa sababu. Ukiomba Mahakama Kuu ikupandishe, utaondoka bila kitu. Ukiomba ibatilishe uamuzi uliokiuka muundo wa utumishi na kuamuru chuo kisikilize upya maombi yako, hapo unaomba kitu kinachotolewa. Tofauti iko kwenye sentensi moja ya hati, na mawakili wazuri huikeshea.

Vigezo ni muda katika cheo, machapisho na tathmini ya ufundishaji, na ugomvi mara nyingi uko kwenye machapisho: jarida gani linahesabika, mwandishi wa nne anapata alama ngapi, wasomaji wa nje walichelewa mwaka mzima. Madaktari wana kero ya ziada. Muda wao mwingi unakwenda chumba cha upasuaji na zamu za usiku, na jedwali la alama halijui zamu. Hilo ni la kupigania kwenye Seneti wakati miongozo inapoandikwa. Ukilipeleka mahakamani baada ya kukataliwa, umelipeleka mahali lisipotibika.

Kinachotibika ni tarehe. Barua ya kupandishwa cheo ina tarehe ya kuandikwa, tarehe ya kuanza kwa cheo na mwezi wa kubadilika mshahara, na mara nyingi hazifanani. Juni 2016 serikali ilisitisha ajira mpya na upandishaji vyeo kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na mwaka uliofuata ukaja uhakiki wa vyeti, ulioondoa watumishi 9,932. Wasio na kosa lolote walikwama na barua zao mikononi. Baadaye walipopandishwa, wengi waliandikiwa tarehe mpya. Mwaka mmoja au miwili iliyomezwa hapo si fedha ya wakati ule tu. Inakurudisha nyuma kwenye tange, inasogeza mbele siku ya kustahili cheo kinachofuata, na mwisho inagusa mafao. Kama tarehe ya kuanza cheo haikupendezi, ilalamikie ndani ya siku zako, kwa barua inayohusu tarehe hiyo peke yake. Usiichanganye na malimbikizo, posho za zamu na nyumba.

Ukiwa unapinga kupandishwa kwa mwenzako aliyekupita, mjumuishe kwenye shauri. Watu huona aibu kumshtaki mtu wanayekunywa naye chai, wanaishtaki taasisi tu, na mahakama inakataa kuvua cheo cha mtu ambaye hakusikilizwa. Mwambie kwanza ana kwa ana. Mtaendelea kushika zamu pamoja, na mgonjwa aliyelala mezani hahusiki na tange.

Wala usigome kusahihisha mitihani kwa sababu shauri lako linasuasua. Mgomo halali una utaratibu wake wa pamoja kisheria. Mtu mmoja anayezuia matokeo ya wanafunzi ameihamisha kesi yake kutoka ajira kwenda nidhamu, na huko mwajiri ndiye anayeuliza maswali.

Kuhusu barua yenyewe. Barua za wahadhiri ni ndefu mno, zinaanza na historia ya idara. Ya mtu ambaye mkataba wake unakaribia kwisha inaweza kuwa hivi: "Mkataba wangu wa uhadhiri katika Idara ya Fiziolojia unakwisha tarehe fulani. Umeongezwa mara tatu, na nakala zimeambatanishwa. Nimepangiwa vipindi vya muhula unaofuata kwa ratiba ya tarehe fulani. Naomba nijulishwe kwa maandishi, ndani ya siku 14, kama mkataba utaongezwa, na kama nafasi hii imo kwenye ikama ya mwaka huu wa fedha." Inatosha. Haina lawama, haimtaji mtu, na kila sentensi yake ina karatasi nyuma yake. Toa nakala mbili, zipeleke masijala mwenyewe, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Nakala hiyo iweke nyumbani, maana ofisi ya chuo utaikabidhi siku watakayotaka funguo.